Matope ya Trekta Yaishie Nje ya Mlango

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina gereji ya matrekta nje kidogo ya Muheza. Wateja wengi wanatoka mashamba ya mkonge, wengine ni wakulima wa mahindi wenye trekta moja moja. Mwaka juzi nilimwaga sakafu ya zege nikaimalizia kwa niru, ikapendeza kweli. Sasa kila masika banda linageuka shamba. Matope yanaingia na matairi, vijana wanapiga maji jioni, asubuhi yakikauka ni vumbi tupu, na niru imeanza kubanduka. Mmoja ananiambia nipake epoksi, mwingine anasema niweke vigae. Kutoka lango la barabarani hadi mlango wa banda nina kama mita 12 tu. Pesa ninayo ya kazi moja, mbili sina. Nifanye ipi?"

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa masika. Usipake epoksi na usiweke vigae, walau si mwaka huu. Pesa uliyonayo ipeleke nje ya mlango, kwenye hizo mita 12. Sakafu yako ina ugonjwa wake na nitaufikia, lakini ukiitibu kabla hujazuia matope utarudi kuitibu masika ijayo.

Vigae nivimalize haraka. Kigae hubeba mzigo vizuri pale uzito unapoenea juu yake. Gereji haina uzito wa kuenea. Uzito wake unashuka kwenye kijigurudumu cha chuma cha jeki, kwenye mguu wa stendi, au kwenye ncha ya mtaimbo uliomponyoka kijana. Trekta la farasi 80 hivi ni karibu tani 3 hata kabla hujalifunga plau. Vigae vya sebuleni havikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kigae chenye matope kidogo na tone la oili ni utelezi mtupu.

Epoksi, ile rangi nzito ya sakafu inayoganda ikawa ngumu, ni kitu kizuri mahali pake. Ila inataka zege kavu, na zege lililomwagwa juu ya udongo bila nailoni chini yake hunyonya unyevu wa ardhi, hasa huku kwetu. Unaweza kujipimia mwenyewe. Kata nailoni nzito ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, iache usiku kucha, isipungue saa 16. Ukiibandua ukakuta matone chini yake, au zege limekolea rangi, basi unyevu unapanda na rangi yoyote ya kuziba itavimba malengelenge. Halafu wewe una niru inayobanduka. Hapo hata zege likiwa kavu, epoksi itaishika niru, niru itaachia zege, na vyote viwili utavizoa kwa chepe.

Sasa tuyatazame matope yenyewe, maana umeyalaumu matairi peke yake.

Fungu moja ni la kwako mwenyewe. Simama mlangoni siku ya mvua uangalie maji ya bati yanaangukia wapi. Mabanda mengi niliyoyaona njia ya Muheza, Korogwe mpaka Pangani hayana mfereji wa bati. Maji yote yanashuka mbele ya mlango, pale pale trekta linapokanyaga mwisho kabla ya kuingia. Hesabu ni nyepesi: banda la mita 10 kwa 12 likipigwa mvua ya milimita 50, bati linatema lita 6,000. Huo ni mzigo wa tangi kubwa, na unachimba udongo mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye mfereji wa bati upande wa mlango, maji yaelekezwe kwenye tangi. Maji hayo ndiyo utakayooshea matrekta, na bili itapungua. Ardhi ya mbele ya mlango nayo iteremke kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita, na sakafu ya ndani iwe juu kuliko ardhi. Kama ilijengwa sawasawa na ardhi, mwaga tuta dogo la zege mlangoni lenye mteremko pande zote mbili, jeki lipite na maji yasipite.

Fungu la pili ndilo la matairi. Tairi la nyuma la 18.4-30, ambalo liko kwenye matrekta mengi ya ukubwa huo, lina mzunguko wa karibu mita 5. Maana yake ni kwamba ili kila jino la tairi liguse ardhi ngumu mara moja tu, trekta lazima litembee mita 5. Wajenzi wanaozuia malori yasitoe matope kwenye eneo la ujenzi huweka njia ya mawe isiyopungua mita 15, yaani mizunguko mitatu hivi. Wewe una 12, mizunguko miwili na kitu. Haitoshi peke yake, lakini ni mwanzo mzuri, na upungufu tutauziba.

Njia hiyo iwe na upana wa mita 4 na unene wa sentimita 20, kwa hiyo agiza mawe ya ujazo wa mita 10 hivi. Ukubwa wa jiwe ndipo watu wanapokosea. Wanamwaga kokoto ndogo za kumimina zege kwa sababu ndizo zilizopo, na kokoto hizo zinanasa kwenye matope ya tairi na kuingia nazo ndani. Taka mawe ya inchi 2 hadi 3. Yawe magumu, ya upande wa milima, yasiwe ya matumbawe wala ya chokaa laini. Jiwe laini likikanyagwa na trekta masika mawili linasagika, na utakuwa umebadilisha matope mekundu kwa matope meupe. Gonganisha mawili mkononi: yakitoa unga, mrudishie mwenye lori.

Chini ya mawe lazima pawe na kitu cha kuyatenganisha na udongo, la sivyo mfinyanzi unapanda na mawe yanazama, na mwaka wa pili huoni hata moja. Wakandarasi hutumia kitambaa maalumu kilichofumwa kwa plastiki. Kikikushinda bei, tumia viroba vya sandarusi vilivyochanwa na kutandazwa tabaka mbili, vikipishana sentimita 30. Navyo vimefumwa kwa plastiki ya namna hiyo hiyo, vinapitisha maji na kuzuia udongo, ingawa havidumu kama kile. Vifunike kwa mawe siku hiyo hiyo, maana jua linavikatakata.

Kuziba upungufu wa mita 3, weka mabomba. Kabla ya mlango, mita 2 za mwisho, zika mabomba ya chuma ya inchi 4 yakikatiza njia, yamelazwa juu ya kingo za zege na kuachiana sentimita 15 hadi 20, na chini yake pawe na nafasi ya kuchotea matope. Tairi likipanda na kushuka linabonyea, meno yanafunguka, na matope yaliyobana katikati yanaachia. Dereva apite polepole sana. Akikimbia, tairi linaruka juu ya mabomba bila kubonyea. Neno moja kwa upendo: utaletewa vipande vya reli kwa bei ya kutupa. Hii Tanga, reli imekatiza mkoa mzima na wauzaji hawakosekani. Usinunue. Hakuna atakayekuamini ukisema hukujua kilikotoka.

Fungu la tatu ndilo kubwa, na karibu kila gereji inalisahau: matope yanayoning'inia juu. Yako ndani ya madigadi, juu ya ekseli ya mbele, chini ya gia boksi, na zaidi ya yote kwenye plau, haro na slasha. Haya hayaanguki mlangoni. Yanaingia ndani kimya, yanakauka taratibu, na kuanguka saa ile kijana amelala chini akifungua nati. Hapo ndipo matope yanapoacha kuwa suala la usafi. Bonge la mfinyanzi mkavu likimpiga fundi jichoni ni hospitali. Jeki au stendi iliyosimama juu ya matope ya utelezi ikihama ni msiba. Na vumbi lake, ukifungua pampu ya dizeli, linaingia mahali ambapo nafasi kati ya pistoni na silinda yake ni maikroni mbili tatu, wakati unywele wa kichwani ni kama maikroni 70. Pampu utakayoirudisha na chembe moja ya mchanga ndani itarudi kwako na mwenye nayo amenuna.

Basi weka sheria: zana zote zinafunguliwa nje. Plau haliingii ndani isipokuwa lenyewe ndilo mgonjwa. Tenga mahali pa mawe pembeni pa kuzishushia, ziegemee magogo. Matrekta ya mkonge yakaguliwe zaidi kwenye ekseli ya mbele na shafti ya nyuma, kwani nyuzi na kamba huzizunguka, zikashika matope zikawa kama kitambaa kilicholoweshwa saruji. Zikate kwa kisu na uzitoe zote. Zikiachwa zinakula sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Vijana wavae glavu, utomvu wa mkonge unawasha.

Namna ya kuyatoa matope hayo inategemea yako katika hali gani, na huu ni ujuzi ambao madereva wa mashambani wanao kuliko sisi wa gereji. Mfinyanzi ukiwa na maji mengi unateleza, unatoka kwa kusukumwa. Ukiwa mkavu kabisa unasinyaa, unapasuka, na ukigonga unaanguka mapande. Ule wa katikati, unyevunyevu, ndio unaong'ang'ania kila kitu, na ndio hasa watu wanaoupigia maji wakitumia tangi zima kwa trekta moja. Kama trekta halina haraka, liache juani nusu siku kisha ligongwe kwa nyundo ya mpira na kukwanguliwa kwa ubapa wa mti mgumu. Kama lina haraka, likwangue mara tu linapofika likiwa bado linachuruzika. Sehemu kubwa itoke kwa chepe na ubapa kabla bomba la maji halijaguswa. Matope uliyoyachota makavu unaweza kuyarudisha shambani. Uliyoyaosha yanakuwa tatizo la mtaro wako.

Kuhusu kuosha, mahali pake pafae. Kama pembeni ya banda pana nafasi, jenga hapo sakafu ndogo ya zege, mita 4 kwa 6, yenye mteremko wa sentimita 2 kwa mita. Kama hapana, itakubidi mita 5 za kwanza kutoka langoni ziwe za kuoshea na 7 zilizobaki ziwe za mawe na mabomba. Trekta lililokwisha oshwa halihitaji njia ndefu, linahitaji tu kuchuruzika. Usioshee kamwe mlangoni, wala juu ya mawe yako mapya, utayajaza tope mwenyewe.

Mashine ya presha nayo ina adabu zake. Isielekezwe karibu kwenye sili za ekseli, altaneta, stata, rejeta, mfuniko wa tangi la dizeli wala vitundu vya kupumulia vya gia boksi. Maji yakiingia humo hutayaona leo. Utayaona oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa. Na injini iliyotoka kazini iachwe ipoe kwanza. Pampu ya dizeli ikiwa moto ukaimwagia maji baridi, chuma cha nje kinasinyaa kabla ya cha ndani, na kwa nafasi zile za maikroni inaweza kukwama pale pale.

Maji ya kuoshea yana matope na mafuta, na mashimo ya kuyapokea ni mawili kwa kazi tofauti. La kwanza ni la matope: mita moja kila upande na kina cha mita moja, kina ambacho kijana anafikia kwa chepe bila kushuka. Mchanga unazama upesi. Chembe ya milimita 0.1 inashuka mita moja kwa dakika mbili hivi. Mfinyanzi ni habari nyingine, kwani chembe yake ya milimita 0.002 inahitaji kama siku tatu kushuka mita hiyo hiyo. Kwa hiyo usishangae maji yakitoka bado mekundu, shimo halijaharibika. Shimo la pili ni la mafuta, lenye vyumba viwili vilivyounganishwa kwa bomba la kiwiko lililotazama chini, ili maji ya chini yapite na mafuta yanayoelea yabaki. Mafuta hayo uyachote utie kwenye pipa la oili chafu. Usitumie sabuni ya unga hapo: sabuni inavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno, hayaelei tena, yanapita na maji. Mwisho wa yote, maji yapitishwe kwenye ukanda wa majani mazito kabla ya kufika mtaroni, na mashimo yafunikwe kwa sababu ya watoto.

Nimeona gereji zinazomwaga oili chafu mbele ya mlango kutuliza vumbi la kiangazi. Masika ikija, ni udongo ule ule, sasa una mafuta, na hautoki kwenye tairi hata kwa maombi. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kutupa taka za namna hiyo ovyo, na visima vya jirani zako viko hapo hapo chini. Mito ya wilaya yenu inateremka kwa watu: Tanga mjini wanakunywa Mto Zigi kupitia Bwawa la Mabayani.

Sasa sakafu yenyewe. Niru ni uji wa saruji uliosuguliwa juu. Ni nzuri barazani. Kwenye gereji ni ngozi nyembamba isiyoshikana na mwili. Ikwangue yote inayosikika tupu ukiigonga kwa nyundo, hata kama kwa macho bado inapendeza. Chini yake utakuta zege. Likitoa unga ukisugua kwa kiatu, mara nyingi lilimwagwa na maji mengi kupita kiasi au halikumwagiliwa baadaye. Hilo linasaidiwa na dawa ya kuimarisha zege yenye sodiamu siliketi, ambayo inaingia ndani na kufanya uso uwe mgumu, haikai juu kama rangi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na epoksi na unapaka kwa brashi. Sehemu zilizochimbika kabisa zikatwe mraba, zisafishwe, ziloweshwe, zijazwe zege jipya, kisha zifunikwe na kumwagiliwa siku 7. Matrekta yakae mbali nazo hadi siku 28 kama unaweza kuvumilia. Ukija kujenga banda jingine, taka unene wa sentimita 15, wavu wa chuma, nailoni chini, mteremko wa sentimita 1 kwa mita kuelekea mlangoni, na uso uliopigwa kwa mbao, usiong'arishwa.

Na hayo maji ya jioni, yakome. Ndiyo yanayokutengenezea vumbi la asubuhi: yanalainisha bonge moja lililokuwa linachoteka, yanalisambaza banda zima na kulijaza kwenye nyufa. Ndani, tope linachotwa kwa chepe likiwa bado bichi. Kinachobaki kinamwagiwa unga wa mbao ulioloweshwa kidogo na kufagiwa. Muheza hamkosi unga wa mbao, msitu wa misaji wa Longuza uko kwenu. Ule uliokunywa oili utie kwenye debe la chuma lenye mfuniko, unashika moto upesi. Fagio la chelewa libaki nje kwenye mawe. Ndani linarusha vumbi, chukua la nywele ngumu pana.

Kona moja ya banda, iliyo mbali na mlango, ijengee ukuta wa mbao au hata turubai, iwe ya pampu, nozeli na haidroliki. Hapo haingii mtu na mabuti ya nje. Mlangoni weka kipande cha chuma kilichosimamishwa cha kukwangulia soli na ndoo ya maji yenye brashi. Kwa miguu ya watu hiyo inatosha.

Kwa pesa ya kazi moja, basi, mwaka huu fanya mfereji wa bati, njia ya mawe na mabomba. Masika yetu huanza Machi, kwa hiyo Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu, ndiyo miezi ya kuchimba. Zege la kuoshea na mashimo yake lisubiri Juni, na mpaka hapo matrekta yakwanguliwe makavu nje, bila kuoshwa kwako. Dawa ya zege ipake baada ya hapo, hata kwa vipande.

Kitakachokusumbua kuliko ujenzi ni madereva. Dereva wa shamba analipwa kwa kazi, anataka kuingiza trekta mpaka ndani alikabidhi aondoke. Kibao peke yake hakitamzuia. Zungumza na meneja wake na wale wakulima wako, waambie trekta lililokuja limekwanguliwa linaanza kushughulikiwa siku hiyo hiyo, na lililokuja na shamba lake linasubiri juani na linatozwa kazi ya kukwangua, iandikwe kwenye risiti kwenye mstari wake peke yake. Bei usiipandishe sana. Iwe tu kiasi ambacho mwenye trekta, akiiona mara mbili, atamuuliza dereva wake kwa nini.